Dawa za Kolestro Hazina Dozi ya Kumaliza

Watu wengi wanaokuja dirishani kwangu na cheti cha atorvastatini au rosuvastatini huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza bei: watavimeza vidonge hivyo mpaka lini. Mimi ni mfamasia, nafanya kazi katika duka la dawa mjini Tanga, na swali hilo nalisikia kutoka kwa wazee waliowahi kupata kiharusi, kwa akina mama wenye kisukari, na siku hizi hata kwa vijana waliopimwa kazini wakakutwa na lehemu, au kolestro kama wengi tulivyozoea kuiita, iliyozidi kiwango. Nikiwajibu kwamba ni dawa ya kila siku, na kwamba kwa wengi wao itakuwa ya maisha, baadhi hulipia pakiti moja wakaondoka bila neno, na mwezi unaofuata siwaoni. Naandika kwa ajili ya hao hasa, kwa sababu dirishani muda hautoshi na nyuma ya kila mmoja kuna foleni.

Silaumu mtu anayeshangazwa na jibu hilo. Tumelelewa na dawa zenye mwanzo na mwisho: dawa mseto ya malaria ni siku 3, ya maambukizi ya njia ya mkojo ni wiki moja au pungufu, na hata kifua kikuu, ambacho matibabu yake ni marefu, humalizika kwa kawaida baada ya miezi 6. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu aliponijia na karatasi ya majibu mkononi akaniambia, "Mwanangu, mimi dozi nimeshaimaliza, na kolestro imeshuka, tazama mwenyewe," alikuwa anatumia akili ileile iliyomwokoa katika maradhi mengine yote. Karatasi haikusema uongo, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kimeshuka vizuri sana. Nilimjibu, "Hongera mama, lakini kilichokishusha ni kile kidonge ulichokuwa unakimeza kila jioni," kisha nikamwomba aketi kidogo ili nimweleze kinachoendelea ndani ya ini lake.

Sehemu kubwa ya lehemu iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo lenye kazi kubwa zaidi katika shughuli hiyo. Mwili hauitengenezi kwa makosa, kwani unaihitaji kwa kuta za seli, kwa homoni kadhaa, kwa nyongo na kwa vitamini D. Utengenezaji wake hupitia hatua nyingi, na hatua inayoamua kasi ya kazi nzima husimamiwa na kimeng'enya kimoja kiitwacho HMG-CoA riduktase. Dawa za kundi la statini, ambamo zimo simvastatini, atorvastatini na rosuvastatini, hukizuia kimeng'enya hicho. Ini likiona kwamba lehemu yake ya ndani imepungua, huongeza vipokezi juu ya seli zake ili kuivuta ile inayozunguka kwenye damu, na hapo ndipo LDL, yaani ile inayoitwa kolestro mbaya, hushuka. Vipokezi hivyo vilielezwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, wanasayansi wa Dallas nchini Marekani, ambao kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Mgonjwa akiacha kidonge, kimeng'enya hurudi kazini, vipokezi hupungua, na ndani ya wiki chache kipimo huwa kimerudi kilipokuwa. Ini halikuponywa wala halikufundishwa tabia mpya. Lilizuiwa kwa muda ule ambao dawa ilikuwapo.

Historia ya dawa hizi inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana, na mtu anayenivutia zaidi ndani yake ni Akira Endo, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima mkoani Akita na kufariki mwaka 2024. Endo alikuwa mtaalamu wa kuvu. Katika miaka ya 1960 aliishi New York kwa ajili ya utafiti, akashangazwa na wingi wa watu wanene na wa wazee waliokuwa wakibebwa na magari ya wagonjwa kwa maradhi ya moyo. Aliporudi Japani katika kampuni ya Sankyo alijenga wazo kwamba, kama vile penisilini ilivyotoka kwenye ukungu, huenda kuna kuvu wanaojilinda dhidi ya vijidudu vingine kwa kuzuia utengenezaji wa lehemu. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake wachache walipima aina zaidi ya 6,000 za vijiumbe, kazi ya kuchosha ambayo kila siku huleta jibu lile lile la hapana, mpaka mwaka 1973 walipoipata dutu waliyokuwa wakiitafuta katika ukungu uitwao *Penicillium citrinum*, uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Dutu hiyo iliitwa kompaktini.

Kisha ikashindwa. Panya waliopewa kompaktini hawakuonyesha kushuka kwa lehemu, na katika makampuni mengi ya dawa matokeo kama hayo yangetosha kufunga jalada. Endo aliendelea kuamini alichokiona kwenye mirija ya maabara. Mwenzake mmoja kazini, Noritake Kitano, alikuwa na kuku wa mayai waliotumika kwa utafiti mwingine, na Endo akapata hoja rahisi iliyo nzuri kabisa: mtetea hutaga mayai yenye lehemu nyingi, kwa hiyo bila shaka mwili wake huizalisha kwa wingi. Mitetea hao walipopewa dawa, lehemu katika damu yao ilishuka kwa karibu nusu, huku wakiendelea kula na kutaga kama kawaida. Baadaye ilieleweka kwamba ini la panya hujibu dawa kwa kuongeza kimeng'enya kilekile kwa kiasi kikubwa, na hivyo kufuta kazi yake. Huwasimulia wagonjwa kisa hiki kila ninapopata nafasi, kwa kuwa kinaonyesha wazi kwamba tunashughulika na kiwanda kisicholala.

Mwaka 1978, daktari Akira Yamamoto wa Osaka aliijaribu kompaktini kwa msichana wa miaka 18 aliyerithi lehemu ya juu kupindukia kutoka kwa wazazi wote wawili. Lehemu ilishuka, lakini misuli yake ikadhoofu, na baada ya kusimamisha matibabu daktari aliyaanza tena kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo tangu mgonjwa wa awali kabisa dawa hizi zilionyesha faida yake na udhia wake kwa pamoja, na zilionyesha pia kwamba udhia huo hutatuliwa kwa kurekebisha kiwango. Kompaktini yenyewe haikufika madukani. Iliyofika ni lovastatini ya kampuni ya Merck, ambayo nayo ilitoka kwenye kuvu, na iliidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Hata hivyo, kushusha namba kwenye karatasi hakukuwaridhisha madaktari wengi, na walikuwa na haki ya kutaka zaidi. Walitaka kujua kama mtu anayemeza vidonge hivi anaishi muda mrefu kuliko asiyemeza. Jibu lilikuja mwaka 1994 kutoka Denmaki, Ufini, Aislandi, Norwei na Uswidi, ambako watu 4,444 waliokwisha kupata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yatokanayo na moyo waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa simvastatini na nusu vidonge visivyo na dawa ndani yake. Walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 5. Waliokufa katika kundi lisilo na dawa walikuwa 256, na katika kundi la simvastatini walikuwa 182. Watu 74 waliobaki hai, kati ya wagonjwa 2,221 waliopewa dawa, ni familia nyingi ambazo hazikuitisha msiba. Mimi huvutiwa zaidi na jambo jingine katika utafiti huo: tofauti ya vifo kati ya makundi mawili haikuonekana katika miezi ya mwanzo. Ilianza kujitokeza baada ya mwaka mmoja hivi, ikaendelea kupanuka mwaka hadi mwaka. Mtu anayeacha baada ya pakiti mbili amelipa gharama yote ya mwanzo, ameondoka kabla ya faida kufika.

Tafiti zilizofuata, zikiwamo zile za maelfu ya watu ambao hawajawahi kuugua moyo, zilionyesha mwelekeo uleule: kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita na kubaki chini, uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano. Shirika la Afya Duniani liliiingiza simvastatini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2007. Naeleza hivyo pia kwa wagonjwa wa kisukari wanaolalamika kwamba wameandikiwa dawa ya kolestro ilhali kipimo chao si kibaya. Malalamiko hayo yana mantiki, lakini daktari hakutibu namba peke yake. Amepima umri, sukari, presha, sigara na historia ya familia kwa pamoja, na mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 kwa kawaida yumo katika kundi ambalo mishipa yake inahitaji kulindwa hata kama LDL yake ingempendeza mtu mwingine.

Sasa niseme juu ya misuli, kwa sababu ndiyo sababu ninayosikia zaidi baada ya ile ya kumaliza dozi. Maumivu ya misuli yanayosababishwa na statini yapo, na mgonjwa anayeyasema anastahili kusikilizwa kwa heshima. Lakini maumivu mengi ya mapaja na mabega kwa watu wa umri wa kati na wazee yangekuwapo hata bila dawa. Watafiti wa London walilipima jambo hili kwa njia ninayoiona ya haki kabisa, wakatoa matokeo mwaka 2020. Waliwachukua watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa ajili ya maudhi, wakawapa chupa 12 kwa mwaka: chupa 4 za atorvastatini, chupa 4 za vidonge visivyo na dawa, na chupa 4 tupu, wasijue ni ipi kati ya zile zenye vidonge iliyo na dawa. Kila siku kila mmoja aliandika ukali wa maudhi yake kwa alama kati ya 0 na 100. Katika miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8, katika miezi ya vidonge visivyo na dawa ulikuwa 15.4, na katika miezi ya dawa halisi ulikuwa 16.3. Maumivu hayakuwa ya kubuni, waliyasikia kweli, ila karibu yote yalitokana na kitendo cha kumeza kidonge wanachokiogopa. Baada ya kuonyeshwa matokeo yao wenyewe, nusu ya watu hao walirudi kutumia dawa. Natamani kila anayesambaza ujumbe wa sauti kwenye makundi ya simu kwamba dawa hizi "zinaua misuli" angeisikia habari hiyo.

Hatari ya kweli ipo mahali pengine, nayo mara nyingi hutokana na dawa mbili kukutana. Mara chache sana misuli huharibika kwa kasi, na mabaki yake hufika kwenye figo, hivyo mgonjwa hupata maumivu makali, udhaifu na mkojo mweusi kama chai ya rangi; huyo asisubiri kliniki ya mwezi ujao, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo. Aina moja ya statini, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyo hasa, baada ya vifo 52 kuripotiwa, na wengi wa walioathirika walikuwa wakiitumia kwa kiwango cha juu au pamoja na dawa nyingine ya kushusha mafuta ya damu iitwayo jemfibrozili. Kwa watu wa hapa kwetu nina wasiwasi zaidi na simvastatini. Anayetumia amlodipini kwa presha, na hao ni wengi mno, hapaswi kupita miligramu 20 za simvastatini kwa siku. Anayeandikiwa klarithromisini kwa ajili ya kifua au vidonda vya tumbo anapaswa kuisimamisha simvastatini mpaka amalize antibiotiki hiyo. Mabalungi nayo huzuia utumbo kuivunja simvastatini, na kwa kiasi fulani atorvastatini, kwa hiyo anayekunywa juisi ya balungi kila asubuhi amwambie daktari. Machungwa ya kawaida ya Muheza hayana shida hiyo.

Jambo lililo zito kuliko hayo yote linawahusu watu wanaotumia dawa za kufubaza VVU, na nasikitika kwamba huzungumzwa kidogo. Dawa ya dolutegraviri, ambayo wengi wapo nayo sasa, haigombani na statini. Lakini aliye kwenye mstari wa pili, yaani dawa za wale ambao za kwanza hazikuwafaa, mwenye atazanaviri au lopinaviri iliyounganishwa na ritonaviri, hapaswi kabisa kupewa simvastatini, kwa kuwa kiwango chake kwenye damu hupanda mara nyingi. Najua kwa nini wengi hawasemi wanapofika dirishani: hawataki kutaja VVU mbele ya watu. Basi mwombe mfamasia mzungumze pembeni, au mwonyeshe karatasi bila kusema neno. Mfamasia anayejua kazi yake ataelewa. Na isidhaniwe kwamba statini hazifai kwa watu hawa. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, ambao ulihusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi kadhaa, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35, tena kwa watu ambao hatari yao ya moyo haikuonekana kuwa kubwa.

Mwenye mimba au anayetarajia kushika mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa kwa kawaida dawa hizi husimamishwa katika kipindi hicho. Statini pia huweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa mtu aliyekwisha kukaribia kisukari. Faida kwa moyo huizidi hasara hiyo, lakini ni vema mtu aelezwe kuliko kuigundua mwenyewe na kudhani amefichwa.

Kuhusu chakula, sitaki mtu anielewe vibaya. Chakula kina nguvu. Mauritius ilipobadilisha mafuta ya kupikia mwaka 1987, kutoka yale yenye mawese mengi kwenda ya soya, wastani wa lehemu wa nchi nzima ulishuka kwa takriban milimoli 0.8 kwa lita ndani ya miaka 5. Kupunguza mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa, kula samaki, maharage na mboga, na kutembea, kunaisaidia dawa ifanye kazi kwa kiwango kidogo. Ninachokataa ni kitunguu saumu na limao kuuzwa kama mbadala wa kidonge kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi. Wapo pia wanaoniambia kwamba Wamasai hula nyama na maziwa na mioyo yao ni salama. Ni kweli kwamba George Mann na wenzake, waliowapima Wamasai wa Tanganyika na kutoa matokeo mwaka 1964, waliwakuta na lehemu ya chini, na utafiti mwingine baadaye ulionyesha kwamba miili yao ilipunguza sana utengenezaji wa ndani kila walipokula lehemu nyingi. Hao walikuwa wakitembea na mifugo kutwa nzima. Anayekaa ofisini na kurudi nyumbani kwa bodaboda hawezi kuazima ini lao.

Bei huwavunja wengi moyo, na hapa nashauri jambo moja tu: ulizia dawa hiyo hiyo kwa jina lake la kitabibu badala ya jina la kampuni. Hataza ya Lipitor, atorvastatini ya mwanzo, yaani haki ya kampuni moja pekee kuiuza, iliisha Marekani mwaka 2011, na leo zipo za viwanda vingine zilizosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, kwa bei ambayo mtu anaweza kuimudu kila mwezi.

Wapo ambao statini pekee haiwatoshi. Kuongeza kiwango maradufu hushusha LDL kwa asilimia 6 hivi tu zaidi, kwa hiyo daktari mara nyingi huongeza ezetimibi, ambayo huzuia lehemu kufyonzwa utumboni. Zipo pia sindano zinazozuia PCSK9, protini inayopunguza vile vipokezi vya LDL kwenye ini, zilizoidhinishwa kuanzia mwaka 2015, ingawa mgonjwa wa kawaida hapa nchini bado hamudu bei yake. Asili ya sindano hizo inawahusu watu wenye damu ya Kiafrika: Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas walionyesha mwaka 2006 kwamba Wamarekani weusi waliozaliwa na jeni ya PCSK9 ikiwa haifanyi kazi vizuri walikuwa na LDL ya chini kwa asilimia 28 na maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata ilielezwa habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe aliyerithi hitilafu hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, ambaye LDL yake ilikuwa milimoli 0.4 tu kwa lita, naye alikuwa mzima wa afya. Anayeogopa kwamba dawa itaishusha kolestro mpaka imdhuru apate faraja kwa mama huyo.

Ukianza dawa, kipimo cha kwanza cha kuangalia kama inafanya kazi hufanywa kati ya wiki 4 na 12, na kisha kila baada ya muda atakaopanga daktari, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Simvastatini imezwe usiku, kwa kuwa haidumu sana mwilini na ini hutengeneza lehemu zaidi wakati huo. Atorvastatini na rosuvastatini zimezwe saa yoyote ambayo hutaisahau. Ukisahau siku moja, endelea kesho bila kumeza viwili. Na ukitaka kuacha, kwa maumivu, kwa bei au kwa kuchoka tu, njoo useme kabla ya kuacha, maana kuna kiwango cha chini zaidi, kuna aina nyingine, na kuna wagonjwa wanaomeza siku moja na kuruka moja kwa makubaliano na daktari wao.